Kaburi la Bibi Kongoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatandika vitanda na kugombana nani kaunguza maharage, kulikuwa na mto wa mchanga. Msinicheke. Mto wa mchanga ni mto kweli: mvua ikinyesha, maji mekundu yanakuja, vuuuu, siku mbili tatu, kisha yamekwenda zake. Unabaki mchanga mweupe unaochoma nyayo.

Kando yake, kwenye majabali, aliishi Mama Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama wa kimo cha sufuria ya ugali wa watu wawili, hana mkia, ana meno ya mbele kama patasi, na eti ni ndugu wa Tembo. Undugu huo Tembo huukumbuka akitaka kuazima kitu tu.

Ukame ukiingia, wakubwa walikuwa na dawa moja: kuhama. Mzee Tembo anafunga godoro, Nyati anabeba masufuria, Kifaru anabeba hasira zake, hao, mpaka kwenye maziwa ya mbali. Pimbi hana miguu ya safari hiyo. Ukame uliopita alikuwa na watoto watatu. Wakubwa waliporudi walimkuta na mmoja.

Na yuko ambaye hawakumkuta kabisa. Bibi Kongoni, mzee wa magoti mabovu, walimwacha katikati ya mto wakamwambia, "Tulia hapa, Bibi, tukipata maji tutakuletea." Hawakuleta. Waliporudi, mafuriko yalikuwa yamekwisha kuichukua mifupa yake. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa. Mtoto akilitaja, alipewa kipande cha muhogo anyamaze.

Sasa, Mama Pimbi alikuwa ameona jambo. Mahali jabali moja lilipoangukia mtoni, mchanga wa upande wa juu ulikaa na unyevu miezi miwili baada ya kwingine kukauka. Akawaza: jiwe moja limezuia maji ya kunywa panya, ukuta mzima, ukingo hadi ukingo, utazuia ya kunywa kijiji. Akaenda kumweleza Tembo. Tembo alicheka mpaka masikio yakapiga makofi.

"Binamu, jiwe halinyweki. Nenda kalale."

Nyati na Kifaru walimjibu hivyo hivyo, ila kwa adabu ndogo zaidi.

Akarudi nyumbani. Akamtazama binti yake mmoja aliyebaki, akikomba chungu kikavu. Kisha akainama, akavuta chini ya kitanda pembe ndefu ya tandala aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Kesho yake, jua la utosi, saa ile ambayo hata kivuli chako kimejificha chini yako, wakubwa walikuwa wanavuka mto. Hakuna upepo. Hakuna nzi. Chini ya mchanga, kitu kikalia.

Uuuuuuu.

Wakasimama. Ikaja tena kutoka chini ya nyayo zao, sauti nyembamba, ya mzee:

"Maji mliyosema mtaniletea yako wapi?"

Wanangu, Kifaru, na ngozi yake ile kama mlango, aliota vipele vya woga. Tembo akajificha nyuma ya Nyati. Nyati akajificha nyuma ya Tembo. Wakazunguka hivyo mara nne, mtu angedhani ni harusi.

"Bibi," Tembo akasema mwishowe, mkonga umejikunja, "unataka nini?"

"Kaburi. Mto umetawanya mifupa yangu ukingo hadi ukingo. Mchanga haunishiki. Chimbeni mpaka mwamba, mnifunike kwa mawe."

Na desturi ya nchi ile ilijulikana: aliyekufa bila kaburi, kila mmoja humwekea jiwe la kimo chake. Pimbi la kimo cha pimbi, Tembo la kimo cha tembo. Kifaru akachimba kwa pembe, kra, kra, mpaka mwamba. Tembo akasukuma majabali akihema kama mvukuto. Mama Pimbi naye akaja na kijiwe chake, akakiweka taratibu, akifuta machozi. Labda alikuwa analia kweli. Watoto wake wawili walilala si mbali na pale.

Jioni, wakubwa wakaishia katikati ya mto wakasema inatosha, kwani Bibi alikuwa mrefu kiasi gani? Kesho yake, jua la utosi: uuuuuuu.

"Mguu wangu mmoja uko nje."

Wakarudi kazini bila kikao. Siku ya saba ukuta ukafika ukingo wa pili, kimo cha kifua cha Nyati.

Wakadhani wamemaliza. Adhuhuri ile hapakuwa na uuuu. Ilikuja sauti tu, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama begani mwako.

"Upepo unapita kwenye mawe. Nasikia baridi."

Jua linaunguza mgongo, naye anasikia baridi. Wakakimbilia udongo wa vichuguu, wakaukanda kwa maji ya mwisho ya mitungi yao, wakaziba kila ufa.

Mvua ikanyesha. Mto ukaja, vuuuu, ukapanda ukuta, ukapita. Nyuma ya ukuta ukaacha mchanga, umejaa mpaka juu. Kiangazi kikarudi, magodoro yakafungwa. Wakapita kumuaga Bibi. Tembo akachomeka mkonga mchangani, kwa heshima tu. Ukatoka unachuruzika maji.

Wakachimba. Maji safi, baridi, ya kijiji kizima mpaka msimu mwingine. Wakafungua mizigo pale pale.

Ndipo Mama Pimbi akatoa pembe yake, akaungama: shimo la ukingoni alimojificha, pembe aliyoifukia mchangani akasemea ndani yake.

"Mlikataa maneno yangu, nikaazima ya marehemu," akasema. "Mkitaka kunipiga, nipigeni. Mwanangu amekunywa."

Kifaru alitaka kukasirika, lakini alikuwa na maji mdomoni. Tembo akacheka, safari hii kwa aibu.

"Binamu, umetuweza. Eti mguu uko nje. Lakini ile ya tatu, ya baridi, ndiyo iliyonimaliza. Ulitoa wapi sauti ile?"

Mama Pimbi akamtazama. "Ya tatu ipi?"

"Ya udongo. Upepo unapita kwenye mawe."

"Mimi nilisema mara mbili. Siku hiyo sikutoka nyumbani, binti yangu alikuwa na homa. Nilipokuja nikakuta mmeshapaka udongo, nikasema kumbe hawa wana akili." Sauti yake ikapungua. "Bila udongo maji yote yangetoroka. Mimi udongo sikuukumbuka kabisa."

Ilikuwa jua la utosi. Hakuna upepo. Hakuna nzi.

Tembo akachota maji kwa mkonga, akayapeleka hatua kwa hatua mpaka ukutani, akayamwaga juu ya mawe.

"Bibi," akasema, "tumechelewa."

Na chini ya mawe, wote wakasikia, mtu akinywa: gu, gu, gu.

Tangu hapo wanyama wa mto ule hawahami, na kata ya kwanza ya maji si yao, ni ya Bibi. Hadithi imefika ukingo wa pili, nami nashuka, ila shikeni hili: ukame hujengewa ukuta kabla haujafika, na kabla ya kuukimbia, tazama unamwacha nani.