Kahawa ya Riali Nzima

Hapo zamani palikuwa na sultani mmoja, Hilali bin Saburi, aliyechukizwa na pesa za shaba. Alisema zinanuka samaki na jasho la watu. Basi akatoa amri kwamba mjini mwake malipo yote yawe kwa riali ya fedha, na atakayeonekana na shaba achapwe viboko. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mjini humo alikuwamo Vuai, muuza kahawa, fukara wa kutupwa. Kikombe chake kilikuwa pesa moja ya shaba, na riali ni pesa mia. Nani atoe riali kwa kikombe kimoja? Ikawa anazunguka akigonga vikombe, watu wanapita wakimeza mate. Hata unga ukaisha nyumbani, mkewe akanuna, na Vuai roho ikamuuma. Akasema barazani, "Sultani ameifukuza shaba, nayo imeondoka na wateja wangu."

Maneno yakafika kwa Sultani, Vuai akaitwa.

"Waikejeli amri yangu," Sultani akasema. "Basi utaniuzia kahawa hapa mbele ya wakubwa wangu. Riali hii hapa. Usinidhulumu mimi, wala usijidhulumu nafsi yako, na baki ya shaba sitaki. Ukishindwa, uhame mji."

"Nasikia na kutii, seyidi yangu."

Vuai akamimina kikombe, Sultani akanywa, akaisifu. Akamimina cha pili, kisha cha tatu. Kufikia cha saba jasho lilimtoka Sultani, na cha kumi alikishika kwa mikono miwili.

"Basi, yatosha."

"Haijatosha, seyidi. Umelipia mia, umekunywa kumi. Nikikomea hapa nimekudhulumu."

"Iliyobaki nakusamehe."

"Nikila nisichokitolea jasho nimejidhulumu nafsi yangu," Vuai akajibu, huku akimimina.

Sultani akakitazama kikombe kile kwa chuki. "Nitatokaje hapa?"

"Uchukue riali yako, unipe pesa kumi za shaba. Ila hizo umezikataza."

"Nani ana shaba humu?" Sultani akawauliza wakubwa wake. "Naapa hachapwi mtu."

Basi waziri mkuu akakohoa, akafungua kilemba, zikaanguka tatu. Kadhi akatikisa kiatu, zikatoka tatu nyingine. Na yule mpiga mbiu aliyeitangaza amri mitaani akafungua pindo la shuka, akatoa nne.

"Nawe pia, waziri?"

"Seyidi, hata mimi hununua ndizi."

Sultani akacheka, akaomba asichekeshwe zaidi kwa kuwa tumbo limejaa. Akaifuta amri papo hapo, akamlipa Vuai pesa zake kumi, kisha akamwongezea ile riali iwe tuzo.

Vuai akainama. "Ahsante, seyidi. Lakini kama si taabu, nipewe kwa shaba. Naenda kununua unga."

Basi wakubwa wote wakaanza tena kupekua vilemba.