Wake Wawili wa Jabali

Paukwa!

—Pakawa!

Jiwe?

—Kavu!

Ndani yake?

—Maji!

Hapo kale Jabali, mlima wa mawe ya chokaa, alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Mto, mwenye sauti na mabonde yake. Mdogo ni Tone, binti Mvua. Huyu aliingia ndani ya mumewe kwa nyufa tatu za utosini, akakaa humo kimya.

Mto hakumjali. Kitone! Kitamfanya nini?

Siku moja Popo akaning'inia tawini, ukingoni kwa Mto, kaja na maneno.

"Bi Mto, mwenzio ana ukumbi."

Mto akapita zake.

Popo akarudi. "Bi Mto, mwenzio ana nguzo."

Mto akatibuka.

Popo akarudi tena. "Bi Mto, darini kwa mwenzio inaning'inia mishumaa ya mawe meupe, inameta!"

Lo! Wivu ukampanda, usingizi ukampaa. "Mimi nimemzunguka bwana huyu miaka na miaka, sikujengewa hata kibanda. Kitone ndicho kijengewe ukumbi?"

Akawaita kaa wake. "Chukueni udongo wa mfinyanzi. Zibeni nyufa zote!"

Kaa wakaziba ufa wa kwanza, wakaziba wa pili, wakaziba wa tatu. Ndo, ndo, ndo ya Tone ikakoma. Mto akacheka mpaka povu likamtoka.

Siku ya kwanza mishumaa ya mawe ikapauka. Siku ya pili Popo akahama na wanawe. Siku ya tatu Mto akaamka, akajinyoosha, asifike bondeni. Samaki wake wanatapatapa matopeni.

Akamwendea mumewe analia. "Bwana, umeninyima maji kwa ajili ya yule!"

"Mke wangu, sikumjengea mtu. Ukumbi kauchimba mwenyewe kwa kunilamba. Nguzo kazisimamisha mwenyewe, chembe kwa chembe. Maji yakimaliza kazi hutokea mlango wa chini. Kwani wewe ulidhani unazaliwa wapi?"

Mto akarudi mbio. Akawatuma kaa wazibue. Ufa wa kwanza ukazibuka, wa pili ukazibuka. Wa tatu udongo ulikwisha shika, haupitishi mpaka leo.

Ndiyo maana Mto hajajaa tena kama zamani, na mdomoni mwa pango hunguruma. Msidhani anaimba. Anaona uchungu kunyweshwa na mke mwenziwe.

Basi, ukitaka kuziba tundu la mwenzio, tazama kwanza maji yako yanapita wapi.

Mimi nilipita pale na kiu. Mto akaniuliza, "Watoka kwa yule?" Nikasema, "Yule nani? Simjui!" Ndipo nikapewa maji. Hadithi yangu imekauka. Mwenye kiu akachote mwenyewe.