Mnanaa wa Bi Mize

“Kwako kivuli, kwa mnanaa jua.” Vijana wakiyasikia maneno haya hucheka, maana nani asiyejua kivuli na jua? Basi methali hii ilianza hivi.

Huko Pemba palikuwa na mkulima wa muhogo, Bwana Faki. Mkewe, Bi Mize, alikuwa na mnanaa alioachiwa na marehemu mama yake. Ulitambaa nyuma ya nyumba, chini ya mshelisheli, pale yanapomwagika maji ya kutawadhia. Jua halikufika hapo, lakini ukiukanyaga, harufu yake hukufuata mpaka ndani.

Binti yao Mchanga akajifungua, na Bi Mize akaenda kumtunza mpaka arobaini itimie. Akamwonya mumewe, “Mnanaa wangu usiuguse. Siku nikimleta mjukuu, chai ya wageni itatoka hapo.”

Usiuguse! Kumwambia mkulima hivyo ni kumtukana. Faki aliutazama mmea ule uliojibanza gizani, akauonea huruma. Siku ya tatu akaung’oa wote, akaupanda mbele ya nyumba juani, kwenye tuta refu kama la muhogo, na samadi juu.

Ukanyauka. Akaongeza samadi.

Jirani yao, Bi Time, akapita. “Shemeji, siku hizi unakausha tumbaku?”

“Ni mnanaa wa Mize,” Faki alijibu kwa sauti ndogo. “Nimeutoa gizani.”

“Giza la nani? Kule ulikuwa unastarehe! Kwako kivuli, kwa mnanaa jua. Mkeo akirudi utamwambia nini?”

“Ndiyo nakuuliza wewe.”

“Mimi? Mimi napita tu.”

Faki akalifukua tuta zima kwa vidole. Akapata vipande vitatu vya mizizi, bado vibichi. Akavirudisha chini ya mshelisheli, akavimwagia maji, kisha akafanya jambo lililomwuma kuliko yote: akaviacha. Hata jembe alilipeleka kwa Bi Time, likae mbali naye.

Arobaini ilipotimia, Bi Mize aliingia na mjukuu mkononi, akaenda moja kwa moja uani. Mnanaa ulikuwa na upana wa sinia.

“Baba Mchanga, niliuacha mpana kama jamvi.”

“Niliufanyia wema,” alisema Faki, akamweleza yote, na maneno ya Bi Time pia.

Bi Mize alicheka mpaka mtoto akaamka. Chai ya wageni ikapikwa, nyepesi kidogo, lakini ya mnanaa. Na tangu siku ile, Faki akimwona mtu anamwondoa mwenzake penye raha yake, eti anamsaidia, humwambia: “Kwako kivuli, kwa mnanaa jua.”