Mbuzi Weupe na Beberu wa Mlimani

— Nianze?
— Anza, tumeshakaa.
— Niongeze chumvi?
— Kidogo tu.

Hapo kale, kale sana, bondeni waliishi mbuzi weupe. Walikuwa na maziwa mengi, na maringo mengi zaidi. Kabla ya kila harusi, mkuu wao, Shangazi Pamba, alimkagua bwana harusi unywele kwa unywele. Akiona doa, posa imekufa. Basi wakaoana binamu kwa binamu, na kila mwaka watoto wakazaliwa wembamba zaidi, weupe zaidi.

Kidani, mbuzi jike kijana, alitaka kitu kimoja tu: mtoto atakayeishi.

Akazaa wa kwanza. Kupe wakamuuma, akafa. Shangazi Pamba akaja kumfariji. "Amekufa, mwanangu, lakini amekufa mweupe."

Akazaa wa pili. Kiangazi kikaja, akafa. "Amekufa," akasema Shangazi, "lakini amekufa mweupe pe." Msiba ukafana. Wote walisifu rangi ya marehemu.

Mara ya tatu Kidani hakungoja kufarijiwa. Akapanda mlimani kwa Gongo, beberu mfupi, mweusi, aliyekula miiba kama wengine walavyo kunde.

"Kwenu wataniitaje?" Gongo akauliza.

"Uchafu."

"Kumbe wananifahamu. Karibu."

Akazaliwa binti wa madoadoa. Shangazi Pamba akaja, akatazama, akakunja pua. "Mtoto gani huyu? Kama ukuta ulionyeshewa na mvua."

"Ndiyo, Shangazi. Lakini anapumua."

Kupe wakaja, mtoto akajikuna, akaendelea kucheza. Kiangazi kikaja, akala miiba. Akakua, akawa mwari mwenye miguu ya baba, na kiwele chake kikaahidi maziwa kama ya mama. Bondeni, wajukuu wa Shangazi wakazidi kufa, weupe kama inavyotakiwa, mpaka akabaki mmoja, dume, mwembamba kama ufito.

Siku moja Shangazi akaupanda mlima akihema, mjukuu nyuma yake.

"Kidani, mwanangu, tumekuja kuposa."

"Na madoa ya binti yangu, Shangazi?"

"Madoa ni kitu gani? Hata babu yetu mkuu alikuwa nalo moja, chini ya tumbo. Ndiyo maana hakulala chali maisha yake yote."

Funzo ni hili: ukoo unaojifungia ndani hudhoofika, na damu ngeni huuongezea uhai. Asiyetaka kusikia, tutamwandalia msiba wa kupendeza.

Mzigo wangu nimeutua. Mwenye maziwa anipe, koo limekauka.