Kwa Nini Gogo Bichi Hupasuka

Mnaliona gogo lile pale kivulini, limepakwa samadi huku na huku? Kila apitaye huuliza mwenyewe analiacha la nini, mbona halichongi. Basi tulieni niwaambie. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana habari hii sipendi kukatizwa nikishaianza.

Zamani hizo mti haukuwa na kinyongo na mtu. Fundi aliingia msituni asubuhi, akachagua mti wake, akauwekea kiganja na kuuambia utakuwa kitu gani na utakuwa wa nani. Wewe utakuwa mchi wa mke wangu. Wewe utakuwa mwiko wa shangazi. Mti ulisikia, ukakubali, ndipo shoka lilipoinuliwa. Jioni ile ile chombo kilikuwa jikoni kinatumika. Ufa haukujulikana kabisa. Gogo lilichongwa likiwa bado linachuruzika maji, na chombo chake kikadumu hadi kwa wajukuu bila hata mstari.

Katika nchi ya Wanyamwezi alikuwako fundi jina lake Mihambo. Kwa kuchonga kwa tezo alikuwa hana mpinzani, hilo sitamnyima. Aliishi na mama yake, Nyamizi, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha. Mama huyo akikaa chini kumenya karanga, kuinuka ilikuwa shughuli: alishika ukuta, akatulia, akashika nguzo ya mlango, akatulia tena, ndipo akasimama. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alimwomba mwanawe kitu kimoja tu, kigoda cha kukalia pale mlangoni, apate kuinuka kama watu wengine.

"Hicho tu, mama?" Mihambo akacheka. "Kesho hii hii utakikalia."

Wala hakuwa anasema uongo. Kesho yake alikwenda msituni, akaweka kiganja kwenye mninga, akauambia, "Wewe utakuwa kigoda cha mama yangu, Nyamizi." Akaukata, akajitwika gogo mpaka nyumbani, akaanza kuchonga uani. Miguu ya kigoda ilikuwa imeshaonekana alipoingia Lugendo, jirani yao mwenye ng'ombe wengi.

"Mihambo, ndugu yangu, niokoe," akasema Lugendo. "Wakwe zangu wanafika leo, na sina cha kuwakalisha. Nipe hicho. Kila atakayekikalia nitamwambia ni kazi ya mikono ya nani."

Hilo la mwisho ndilo lililompata Mihambo. Alikuwa mtu mwema, lakini alipenda mno kusifiwa. Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameketi juu ya ngozi yake pale mlangoni na kusikia yote.

"Mpe tu, baba," Nyamizi akasema. "Wageni hawangoji. Mimi nipo."

Basi akampa. Kigoda ni kigoda, alijiambia, mama nitamchongea kingine. Lakini mti ulikuwa umeshaambiwa jina.

Akaenda kukata gogo jingine, akaliambia maneno yale yale, na kabla hajamaliza kuchonga akaja mjumbe wa mtemi. Kigoda kikaenda kwa mtemi. Cha baada yake kilichukuliwa na mganga wa kijiji cha pili, na kile kingine sikumbuki kilikwenda kwa nani, ila hakikubaki nyumbani. Kila mara gogo liliahidiwa Nyamizi, na kila mara aliyekalia kigoda alikuwa mtu mwingine. Mihambo hakuona ubaya. Wale walikuwa wageni, na mama ni mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani hakasiriki, na kesho utamkuta palepale. Sifa zake zikavuka mito, na Nyamizi akaendelea kukaa juu ya ngozi yake na kushika ukuta.

Mwishowe mama akaacha kuomba. Mihambo alitambua kwamba ameacha, na badala ya kushtuka akaona nafuu. Hapo ndipo mimi humkasirikia mtu huyu, ingawa ni wa zamani sana na hasira yangu haimfikii.

Wakati wa mavuno Nyamizi aliugua. Alilala ndani, kifua kikimbana, na asubuhi moja akawaambia wanawake waliomwuguza kwamba angependa kutoka nje aote jua kidogo, akiwa amekaa vizuri. Mihambo alisikia kutoka uani. Akatupa kazi ya watu aliyokuwa nayo mkononi, akachukua kipande cha mninga alichokuwa amekikata kwa ajili ya mama siku mbili nyuma na kukiweka kando, bado kibichi. Akachonga kama mtu anayekimbizwa. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta. Alikuwa anapapasa kikalio, atafute penye mkwaruzo ili usimuumize mama, waliposikika wanawake ndani wakianza kulia.

Alibaki amekishika kile kigoda. Na kikapasuka mikononi mwake. Ufa ulianzia katikati, kwenye moyo wa mti, ukaenda nje mpaka ukingoni, kwa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

Siku ile ile kigoda cha Lugendo kilipasuka, cha mtemi kikapasuka, na vyote vilivyokatwa kwa jina la Nyamizi vikapewa wengine. Kisha ikawa balaa kwa nchi nzima, kwani kila fundi aliyechonga mti mbichi aliukuta una ufa kabla ya kupikwa chakula cha jioni. Wakamjia Mihambo, wengine wakiwa na vinu vilivyofunguka mikononi. Wakamwambia aende akautulize mti, maana yeye ndiye aliyeuudhi.

Akaenda. Akaweka kiganja chake kwenye mninga kama alivyozoea, akafungua kinywa. "Wewe utakuwa..." akasema, na jina la kutaja hakuwa nalo. Alisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi. Hatimaye akaukata bila neno.

Gogo lile akalilaza penye kivuli cha ukuta, karibu na ngozi ya mama yake. Akachanganya samadi kwa mikono, jinsi Nyamizi alivyokuwa akichanganya ya kusiribia sakafu, akaipaka ncha zote mbili za gogo. Halafu akakaa chini kando yake. Mvua zikaja zikaisha, kiangazi kikapita, mvua zikarudi. Watu walisema msiba umemvuruga akili. Yeye alikuwa hajui la kufanya isipokuwa kukaa pale alipokuwa anakaa mama, na pale ndipo alipojua jinsi sakafu ilivyo ngumu na jinsi mchana ulivyo mrefu kwa mtu anayengoja kitu alichoahidiwa.

Siku aliyoligonga gogo lile kwa tezo, lilijibu kwa sauti kavu. Akachonga kigoda taratibu, na hakikupasuka. Akakiweka mlangoni. Lugendo aliomba kukinunua, akakataliwa. Mihambo mwenyewe hakukikalia hata siku moja.

Na tangu siku hiyo mti hausikilizi maneno ya fundi. Ukiuchonga mbichi utapasuka, na ufa wake huanzia moyoni ukaelekea nje. Ndiyo maana fundi hukata gogo, akalipaka samadi huku na huku, akaliacha kivulini mpaka lenyewe liridhike. Msimwite mvivu. Nyamizi alingojeshwa mpaka akaondoka bila kukaa. Sasa mti unawangojesha mafundi wote, wema na wabaya, na hakuna hata mmoja wao mwenye uso wa kuulalamikia.