Kigoda Mbele ya Mlango

Wapendwa, leo mtanivumilia nikienda taratibu. Mfano wenyewe ni mfupi, ila una baridi ndani yake, na sitaki mtu aupite mbio.

Palikuwa na kijana mmoja mpiga picha za video. Kazi yake ilikuwa harusi, vipaimara na misiba. Mnawajua vijana hawa. Ndio wanaomwambia bibi harusi akate keki tena, ya kwanza haikutoka vizuri. Ndio wanaomwambia mfiwa arudie kuweka shada, mkono ulimziba uso. Na watu huwatii. Mwenye kamera akisema kaa, hata askofu hukaa.

Mwaka mmoja kijana huyu akasikia habari za tamasha la filamu fupi, la mataifa yote, linalofanyika mtandaoni. Huendi popote. Unatuma filamu yako ya dakika chache, watu wa kila nchi wanaitazama kwenye simu zao, na hao hao watazamaji ndio wanaopiga kura. Moyo ukamruka. Alikuwa amepiga picha sherehe za watu miaka yote ile, na hapana hata mmoja aliyewahi kuuliza nani alishika kamera. Tusimcheke. Nani kati yetu hataki kuonekana?

Akapanda milimani kwa mama yake, mjane aliyekaa peke yake. Akamweka kwenye kigoda mbele ya mlango, uso ukielekea njiani. Hadithi ya filamu ilikuwa hiyo tu: mama anamngojea mwanawe, na mwana haji. Sasa huko kwao wana desturi. Mtoto akitarajiwa nyumbani, fungu lake la chakula hupakuliwa likafunikwa kawa, na mama hali mpaka afike, au mpaka giza liingie kabisa. Kijana akamwomba mama afanye vivyo hivyo. Mama akacheka, akamwambia kwamba hilo halihitaji kufundishwa, analifanya kila Jumamosi tangu mwanawe ahamie mjini. Kijana hakulisikia vizuri. Alikuwa akipima mwanga.

"Usitazame kamera, mama," akamwambia. "Tazama njia. Na usinyanyuke mpaka niseme basi."

Akavuka barabara, akapiga picha akiwa mbali, kutoka upande wa pili. Ukungu ulikuwa unashuka kwenye migomba, na yule mama mle ndani yake alionekana mdogo kama mtoto. Picha ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Lakini mwisho wa kupokea filamu ulikuwa siku ile ile, na kule juu simu ya kuongea inashika, ila mtandao wa kutuma kitu kizito hakuna. Pikipiki ikapita ikishuka mjini. Akairukia na begi lake, akampungia mama mkono kwa mbali, akaenda.

Mkono alipunga. Lile neno hakulisema.

Filamu ikapokelewa. Kura zikaanza kuja, na kijana akawa haishi kuziomba. Aliwaomba wateja wake wa zamani, akawaomba wanakwaya, akawaomba watu asiowajua kabisa. Linki ya kupigia kura ilikuwa kidoleni mwake kama mate kinywani. Ukimsalimu, anakutumia.

Baada ya siku kadhaa akapigiwa na Mama Nakiete, jirani wa mama yake. Mama Nakiete akamweleza kwamba mama kila siku jua likigeuka anatoa kigoda, anakaa mbele ya mlango, na sahani iliyofunikwa iko kando. Mvua ikinyesha anakaa. Baridi ya milimani mnaijua. Na kifua kimeanza kumbana.

Kijana akacheka. "Mwambie filamu imekwisha, mama yangu."

"Nimemwambia, baba. Anasema waliokubaliana ni yeye na wewe. Useme mwenyewe."

"Basi mpe simu."

"Nilimpa jana nikisema nikupigie. Akakataa. Ati kwenye simu mtu yeyote anaweza kuiga sauti. Uje asikie ukiwa hapa."

Kijana akasema atakuja wikiendi. Kisha, kwa kuwa alikuwa tayari ameshika simu, akamtumia Mama Nakiete ile linki.

Siku zile zile likaanza jambo lenyewe. Mwanamke mmoja wa nchi ya theluji aliandika chini ya filamu, na simu ikamtafsiria kijana. Alisifu filamu, akauliza: kwa nini katika picha ya mwisho kigoda ni kitupu? Kijana akashangaa. Akaifungua filamu, akaitazama mpaka mwisho. Mama yumo, amekaa, anatazama njia. Akadhani yule mwanamke amechanganya filamu.

Kesho yake akaandika mwanamume wa nchi nyingine, upande mwingine kabisa wa dunia. Naye aliona sahani, aliona mlango, aliona ukungu. Bibi hakuwepo. Wa tatu akasema kwamba alimwona bibi akinyanyuka polepole, akashika ukuta, akaingia ndani bila kugeuka. Wengine wakabisha, wakasema bibi yupo pale pale. Wakaanza kushindana. Watu wakawa wanairudia filamu mara kwa mara ili wajue wao ni wa kundi gani, na kila anayeirudia anapiga kura na kumwita mwenzake.

Sasa niwaulize, nanyi mjijibu kimoyomoyo. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mama yako ni mgonjwa kifuani. Watu waliokaa mbali, wasiomjua wala kumdhuru, wanakwambia hawamwoni kwenye kiti chake. Ungeuliza nini kwanza?

Kijana alitazama kura. Zilikuwa zimepanda mno. Akamshukuru Mungu, wapendwa. Alipiga magoti kabisa, akashukuru.

Mama Nakiete akapiga tena, na tena. Kijana alikuwa akijibu wageni, akaona asimkawishe mama wa watu, akamtumia linki mara ya pili. Jibu likaja kwa maandishi. Yule mama si mwandishi, lakini siku hiyo aliandika: "Kura nimekupigia. Nilipanda mpaka shuleni kutafuta mtandao. Sasa njoo."

Hapo ndipo kitu kikamgusa. Akaifungua filamu kwa mara nyingine. Njia. Ukungu. Mlango. Sahani imefunikwa. Na kigoda kitupu. Akairudisha nyuma, akaitazama tena, akaweka simu karibu na jicho. Kigoda kitupu.

Akapanda milimani bila kubadili viatu. Alikuta watu wameshakaa kwenye mikeka, nao wakasogea kumpisha. Mama Nakiete akamshika mkono, akamwambia kwamba mama alinyanyuka alasiri ile, akashika ukuta, akaingia ndani mwenyewe. Alisema amechoka, na kwamba mtoto asilaumiwe, ana kazi nyingi.

Wakazika. Nami najua jinsi nyumba inavyokuwa watu wakiondoka, wakibeba na masufuria yao. Kijana alitoka nje, akakuta kigoda pale pale. Akakaa. Akatazama njia. Alitaka kumwomba mama yake msamaha, na njia ikawa njia tu, mbuzi wanapita. Jua likazama asinyanyuke.

Simu ikalia mfukoni, pale pale pasipokuwa na mtandao. Tamasha lilikuwa limefungwa, filamu yake imekuwa ya kwanza kwa kura za watazamaji. Chini ya habari ile yule mwanamke wa nchi ya theluji alikuwa ameandika tena. Alimpongeza, akasema afadhali kigoda si kitupu tena, ila anaomba kuuliza: huyo kijana aliyekaa hapo sasa ni nani?

Akaifungua. Njia. Ukungu. Mlango. Na mbele ya mlango alikuwa amekaa yeye mwenyewe, na shati lile lile la mazishini. Picha imepigwa kutoka ng'ambo ya barabara. Akainua macho kutazama ng'ambo. Hapakuwa na mtu.

Wapendwa, filamu haibadiliki yenyewe. Huu ni mfano, na mtoto asitoke hapa akaogope simu. Lakini kigoda hiki ni cha kweli, na kuna mtu amekikalia leo kwa sababu yangu au yako.

Sisi tumejifunza kuonyesha. Tunapiga picha wazazi wetu siku ya kuzaliwa, dunia inatupongeza, na mzazi hajui tumeandika nini. Tunaombea wagonjwa hadharani, na mgonjwa hatujamgongea mlango. Tunataka wageni washuhudie kwamba tunapenda. Wageni wanashuhudia. Je, aliyependwa amepata habari?

Na Mungu wetu hutuonya kwa huruma kubwa. Huwatumia majirani, huwatumia hata watu wa mbali wasiojua wanasema nini. Sisi tunachukua onyo lake tunalihesabu kuwa sifa. Tunapiga magoti, tunashukuru, na hatuendi.

Kama umeshachelewa, kama wewe ndiwe uliyekaa sasa mbele ya mlango na huna wa kumwambia, usiangalie njia. Liko neno moja ambalo Bwana alimwambia aliyelala na aliyekufa, naye huwaambia hata waliokaa: inuka. Mwombe akuambie. Atakuambia.

Lakini kama hujachelewa, basi sikutaki hapa. Nasema kweli. Wimbo wa mwisho tutauimba sisi wengine, na sadaka itakungoja. Mlango ule uko wazi, na hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi. Nenda.