Pimamaji ya Mzee Ambakisye

Hii usimtumie mtu kabla hujaimaliza. Nazijua tabia zetu: tukisoma mistari miwili tu, tumeshapata jina la mtu wa kumpelekea.

Mzee wa kanisa mmoja, Fundi Ambakisye, alikuwa akijenga kanisa la kijiji chao. Yeye alianzia kona ya juu. Kona ya chini alipewa Ipyana, fundi aliyekuwa mlevi wa kutupwa kabla hajaokoka. Mzee alipima ulalo wa tofali kwa pimamaji yake ya chuma. Ipyana hakuwa nayo; alitumia mpira mwembamba uliojazwa maji.

Wiki ya tatu kuta zilitakiwa zikutane. Wapi! Zikapishana kimo kwa vidole vinne.

"Si niliwaambia?" Mzee akafoka. "Pombe imemtoka mdomoni, mikononi bado imo. Avunje ukuta wake, na Jumapili asiikaribie Meza ya Bwana!"

"Mzee wangu, mbona nilipima," Ipyana akasema.

"Kwa mpira! Hii ni chuma, bwana. Haidanganyi."

Akaiweka pimamaji juu ya ukuta wa Ipyana. Kipovu cha hewa kwenye kioo chake kikakimbilia pembeni. Akaiweka juu ya ukuta wake. Katikati kabisa! Ipyana akainamisha kichwa, akaokota nyundo akavunje.

Mama Tupokigwe, aliyekuwa akikoroga udongo, akasimamisha koleo.

"Mzee, samahani. Marehemu mume wangu alikuwa fundi. Yake aliigeuza kila asubuhi, kulia kwende kushoto. Ikiwa nzima, kipovu hakihami. Hebu igeuze."

"Wewe koroga udongo wako."

"Nakoroga. Na wewe geuza."

Watu wakacheka. Mzee akaigeuza kwa hasira, palepale juu ya ukuta wake. Kipovu kikakimbia mpaka mwisho, kikagota.

Mzee akakumbuka. Mwaka juzi alimrushia saidia fundi pimamaji hiyohiyo kwa hasira, ikapiga jiwe. Akaiokota, akaifuta vumbi, akaendelea kuwapimia watu.

Ipyana akamsogelea. "Mzee, tuuache tu. Plasta itaficha."

"Plasta? Nimejipiga plasta miaka yote hii, Ipyana. Lete hiyo nyundo!"

Akauvunja ukuta wake kozi kwa kozi, safu ya tofali baada ya safu, mpaka msingi. Viganja vikachubuka, lakini nyundo hakumwachia mtu. Jioni akaenda kwa yule saidia fundi, akaomba msamaha mlangoni, kabla hata hajakaribishwa kiti. Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima, akamwomba msamaha Ipyana, ndipo akaikaribia Meza.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika kazini. Ipyana alipotokea, Mzee akamnyooshea mkono.

"Niazime mpira wako, mwanangu. Tunaanza upya."

Funzo: Kipimo unachowapimia wenzako, kigeuze kwanza juu ya ukuta wako mwenyewe. Ukikuta umepinda, usitafute plasta. Vunja, ujenge upya, maana Mungu anaona tofali.